Tishu za Kuazima: Historia ya Kutengeneza Njia ya Mkojo Mkoani Mara

Historia ya tiba katika Mkoa wa Mara imeandikwa zaidi kwa majina ya magonjwa, kama malale, ukoma, malaria na kichocho, kuliko kwa majina ya viungo vilivyoharibika na juhudi za kuvitengeneza. Njia ya mkojo ni kimoja cha viungo hivyo vilivyosahauliwa. Huanzia kwenye figo, hupita katika mirija miwili iitwayo ureta, hufika kwenye kibofu na kuishia katika mrija wa kutolea mkojo, na popote inapotoboka, kuziba au kusinyaa, mwenye mwili huo hupoteza mambo mawili kwa pamoja, yaani afya ya figo na nafasi ya kukaa na watu bila aibu. Kuanzia Shirati hadi Bunda, na kutoka Butiama hadi meza za upasuaji za Mwanza, pengo la njia hiyo limezibwa kwa kanuni moja tu, nayo ni kuazima tishu, yaani nyama hai yenye seli za aina moja au zaidi, kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa yuleyule. Uhandisi wa tishu, ambao huotesha seli za mgonjwa maabara na kuzirudisha mwilini zikiwa zimepewa umbo, haukuivunja kanuni hiyo bali umeiendeleza, na kwa sababu hiyo historia yake haianzii Boston wala Mexico, ulikojaribiwa kwa wagonjwa, peke yake.

Jeraha lililowapeleka wanawake wengi zaidi wa ukanda wa Ziwa Viktoria kwenye upasuaji wa njia ya mkojo ni fistula ya uzazi. Hutokana na uchungu pingamizi, hali ambayo mtoto hushindwa kupita kwa kuwa nyonga ni nyembamba au amelala vibaya, na kichwa chake kikabaki kimekigandamiza kibofu kwenye mfupa wa kinena kwa siku moja, mbili au zaidi. Damu isipofika, tishu hufa. Siku chache baada ya kujifungua, mara nyingi mtoto akiwa amekwisha kufa, nyama iliyokufa humeguka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke, na mkojo huanza kutiririka usiku na mchana bila kizuizi. Jeraha hili si la kukatwa kwa kisu ambalo kingo zake ni hai na zinaweza kushonwa mara moja. Kingo zake zimezungukwa na kovu lisilo na damu ya kutosha, na wakati mwingine shingo ya kibofu na misuli ya kubana mkojo imekwisha kutoweka kabisa. Daktari anayeziba tundu hilo anafanya kazi mahali ambapo malighafi ni haba.

Umbali ndio uliolifanya jeraha hili kuwa la kawaida Mara kwa muda mrefu, kwa kuwa uchungu pingamizi hutokea duniani kote, lakini fistula hubaki pale ambapo upasuaji wa kumtoa mtoto huchelewa. Kipimo cha umbali huo kinapatikana katika habari inayojulikana sana kwa sababu nyingine. Mwaka 1934 Julius Kambarage Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alitoka Butiama akaenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, umbali wa kilomita 40 na ushee, naye akakaa bweni kwa sababu haukuwa mwendo wa kwenda na kurudi kwa siku. Njia ambayo mvulana mwenye afya aliipita mara chache kwa mwaka ndiyo iliyompasa mwanamke wa Uzanaki mwenye uchungu wa siku ya pili, ikiwa angetaka kumfikia daktari wa serikali mjini. Walioishi ndani zaidi, upande wa Ikizu au Ngoreme, walikuwa mbali kuliko hapo. Mkunga wa jadi alijua mengi kuhusu uzazi unaokwenda vizuri, lakini kwa nyonga iliyozuia hakuwa na la kufanya, na hakuna sababu ya kumlaumu kwa kukosa chombo ambacho hata zahanati ya mkoloni haikuwa nacho.

Utawala wa Wajerumani haukubadili hali hiyo, kwa kuwa madaktari wake kandokando ya ziwa walishughulishwa hasa na malale, na Shirati ilijulikana kwao kama kituo cha kijeshi na kambi ya wagonjwa wa malale. Mabadiliko yalianza mahali hapohapo kwa njia nyingine. Mwaka 1934, mwaka uleule Nyerere alioanza shule, wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani walifika Shirati, na huduma yao ya tiba ikakua hadi kuwa hospitali ambayo leo ni ya Kanisa la Mennonite Tanzania na imo katika Wilaya ya Rorya. Hospitali ya aina hiyo ilikuwa na daktari mmoja au wawili ambao ilibidi wafanye kila kitu: kutibu ukoma, kuunga mifupa, kumtoa mtoto aliyekwama na kufungua njia ya mkojo iliyoziba. Mmoja wao alikuwa Lester Eshleman, aliyehudumu Shirati, na ambaye baadaye alikuwa mwasisi wa Taasisi ya Urolojia katika Hospitali ya KCMC, Moshi, palipofundishwa madaktari bingwa wa njia ya mkojo. Urolojia ni tawi la tiba linaloshughulikia njia ya mkojo na viungo vya uzazi vya kiume. Inafaa kuzingatiwa kwamba sehemu ya mizizi ya taaluma hiyo nchini Tanzania inapatikana katika hospitali ya pembezoni, karibu na mpaka wa Kenya, ambako wagonjwa hawakuwa na pengine pa kwenda.

Mbinu iliyotumika kuziba fistula ilikuwa imezaliwa mbali na katika mazingira yasiyopendeza. Kati ya 1845 na 1849, huko Montgomery katika jimbo la Alabama, daktari J. Marion Sims aliwafanyia upasuaji wa kurudiarudia wanawake waliokuwa watumwa, bila dawa ya usingizi, mpaka alipofaulu kuziba tundu kwa uzi wa fedha. Majina ya watatu kati yao, Anarcha, Betsey na Lucy, yamebaki katika kumbukumbu, na mwaka 2018 sanamu ya Sims iliyokuwa Central Park, New York, iliondolewa. Uzi wa fedha haukuwa ugunduzi mkubwa kuliko yote yaliyofuata. Mwaka 1928 Mjerumani Heinrich Martius alieleza namna ya kuchukua kipande cha mafuta na misuli kutoka kwenye mdomo mkubwa wa uke, kikiwa bado kimeunganishwa na mishipa yake ya damu, na kukipitisha chini ya ngozi hadi kwenye mshono wa kibofu, ili mahali palipokosa damu paletewe damu mpya. Kipande hicho ni tishu ya kuazima kwa maana kamili ya neno, na Catherine na Reginald Hamlin, waliofika Addis Ababa mwaka 1959 na kufungua hospitali yao ya fistula mwaka 1974, waliufanya utaratibu huo ujulikane kwa madaktari wengi waliokwenda kujifunza kwao na kurudi katika nchi za Afrika Mashariki.

Kwa watu wa Mara, mlango wa upasuaji wa namna hiyo ulikuwa Mwanza. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa na Rais Nyerere mwaka 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata na kurudishwa mikononi mwa Kanisa Katoliki mwaka 1985, na katika vipindi vyote hivyo ilibaki kuwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Mgonjwa wa Musoma aliweza kuifikia kwa meli au kwa barabara inayopita Bunda. Wa Kibara au Kisorya alikuwa jirani zaidi na Ukerewe, ng'ambo ya maji, kuliko na makao makuu ya mkoa wake. Upasuaji wenyewe, ukifanywa na mtu aliyeuzoea, hauhitaji mitambo mikubwa: ganzi ya mgongo, taa nzuri, nyuzi, na baada yake mpira wa mkojo unaoachwa kwenye kibofu kwa muda wa wiki mbili hivi ili mkojo usikusanyike na kuuvuta mshono kabla haujashika. Kwa matundu madogo yasiyo na kovu kubwa, idadi kubwa ya wanawake hupona kwa jaribio la kwanza. Ugumu ulikuwa katika kumfikisha mgonjwa hapo, na katika kumjulisha kwamba ugonjwa wake unatibika.

Utafiti uliotolewa mwaka 2006 na shirika la Women's Dignity Project pamoja na EngenderHealth, ambao miongoni mwa maeneo yake ulihusisha Ukerewe, uliyaweka wazi mambo ya nauli, gharama na ukosefu wa taarifa kuliko ripoti nyingi za kitabibu zilizoutangulia. Miaka mitatu baadaye hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kutuma nauli ya wagonjwa wa fistula kwa M-Pesa: balozi wa kijijini alimtambua mgonjwa, fedha zikaingia kwenye simu ya balozi huyo, mgonjwa akapanda basi. Mwanahistoria wa upasuaji anaweza kuona kuwa jambo hilo halimhusu. Lakini kama kipimo ni idadi ya wanawake waliofika mezani wakapona, basi utumaji wa nauli kwa simu unastahili kutajwa karibu na kipande cha Martius, na mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kuanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022 kwa namba ya bure 115, unastahili kutajwa juu ya vyote viwili, kwa kuwa unakusudia kumfikisha mjamzito hospitali kabla tishu haijafa.

Kwa upande wa wanaume hadithi ilikuwa tofauti. Mrija wao wa mkojo ni mrefu na hupita mahali panapoumia kwa urahisi, na kovu lolote ndani yake huuziba polepole, hali ambayo watu huieleza kwa kusema mkojo umefunga. Kabla ya penisilini kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili, kisonono ambacho hakikutibiwa kilikuwa chanzo kikubwa cha kovu hilo katika Afrika Mashariki nzima, na miji ya bandari pamoja na kambi za vibarua ndiko kilikosambaa zaidi. Mara ilikuwa na vyote viwili, kwa maana Musoma ilikuwa kituo cha meli za ziwa, na machimbo ya dhahabu ya Kiabakari na Buhemba, ambayo sasa yamo katika Wilaya ya Butiama, yalivuta wanaume kutoka mbali tangu enzi za ukoloni. Machimbo yalileta pia jeraha la aina nyingine: kifusi kinapomwangukia mtu na kuvunja nyonga, mrija wa mkojo unaweza kukatika pale unapopita chini ya mfupa, na leo pikipiki za bodaboda zinavunja nyonga bila mtu kuingia shimoni. Tiba ya zamani ilikuwa vyuma vya kutanulia vilivyopitishwa ndani ya mrija mara kwa mara, maisha yote ya mgonjwa, kwa sababu kovu lililotanuliwa hujifunga tena.

Kilichobadilisha tiba hiyo ni utando wa ndani ya shavu. Mwingereza Graham Humby aliutumia mwaka 1941, ukasahauliwa kwa takriban nusu karne, kisha kuanzia miaka ya 1990 ukawa tishu inayopendelewa duniani kote kwa kupanua mrija wa mkojo. Sababu zake ni rahisi kueleweka. Utando huo umezoea unyevu, hauoti nywele, ni mnene na imara, na mahali ulipotolewa hupona haraka bila kovu linaloonekana. Una kikomo kimoja, kwamba mdomo ni mdogo, na kovu refu, au lililokwisha kufanyiwa upasuaji mara mbili tatu, huhitaji tishu nyingi kuliko inayoweza kutolewa.

Mara ina sababu ya pekee ya kukijali kikomo hicho. Watoto wa kiume wachache huzaliwa na haipospadiasi, kasoro ambayo tundu la mkojo huwa upande wa chini wa uume badala ya kwenye ncha, na tishu inayofaa kuliko zote kuirekebisha ni govi la mtoto mwenyewe. Kwa hiyo madaktari husisitiza kwamba mtoto wa namna hiyo asitahiriwe kabla ya kuonwa na bingwa. Lakini miongoni mwa Wakurya, Wazanaki na Wangoreme, tohara ya wavulana ni daraja la kuingia utu uzima, lenye msimu wake na ngariba wake, na mvulana mwenye kasoro hiyo ambaye hakuwahi kupelekwa hospitali aliingia jandoni na wenzake kama kawaida. Tishu iliyokuwa hazina ya matibabu ikatupwa siku ya sherehe. Jirani zao Wajaluo wa Rorya, ambao kwa desturi hawakutahiri, hawakuwa na tatizo hili, na huu ni mfano mzuri wa jinsi desturi mbili zinazopakana zinavyoweza kumpa daktari mmoja kazi mbili tofauti. Kuhusu ukeketaji wa wasichana, ambao Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliupiga marufuku kwa walio chini ya miaka 18, na ambao takwimu za taifa za 2015–16 ziliupata kwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara dhidi ya asilimia 10 nchini kote, athari ni nzito zaidi: kisu hupita karibu kabisa na tundu la mkojo, kovu huweza kulibana, na tishu inayotegemewa katika ukarabati wa kibofu inaweza kuwa imekatwa au kukakamaa miaka mingi kabla ya uzazi kuidhuru.

Kichocho hakihitaji maelezo marefu hapa, ila kosa moja la kawaida lirekebishwe. Vijiji vya ufukweni vya Musoma, Bunda na Rorya vinasumbuliwa hasa na kichocho cha tumbo, kwa kuwa konokono wa ufuko wa ziwa hubeba minyoo ya aina hiyo. Kile cha kibofu, ambacho Theodor Bilharz alikitambua Cairo mwaka 1851, hupatikana zaidi kwenye madimbwi na majaruba ya bara, hasa kuelekea Mwanza na Shinyanga. Ni huko kaskazini magharibi mwa Tanzania ambako D. M. Forsyth na D. J. Bradley walifanya uchunguzi uliochapishwa mwaka 1966, wakionyesha kwamba mayai ya minyoo hayaishii kukifanya kibofu kutoa damu, bali husababisha kovu linaloziba ureta na kuharibu figo za watoto wa shule. Kibofu kilichokakamaa namna hiyo ni miongoni mwa viungo ambavyo upasuaji wa kuazima umevihudumia kwa kipande cha utumbo.

Utumbo ndio mkopo mkubwa kuliko yote, na ndio uliozaa uhandisi wa tishu wa kibofu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wamekuwa wakikata kipande cha utumbo mwembamba na kukishonea kwenye kibofu ili kukiongezea nafasi, na mkojo hupata mahali pa kukaa. Lakini utumbo umeumbwa kufyonza, kwa hiyo huurudisha mwilini uchafu ambao figo zimeutoa, damu ikapata asidi nyingi. Hutoa ute, na ute huzaa mawe. Anthony Atala na wenzake wa Boston walitaka kuondokana na mkopo huo. Walichukua kipande kidogo cha kibofu cha mgonjwa, wakatenganisha seli za utando wa ndani na zile za misuli, wakazizalisha maabara, kisha wakazipandikiza, kila aina upande wake, kwenye kiunzi chenye umbo la kibofu kilichotengenezwa kwa kolajeni na plastiki inayoyeyuka mwilini. Baada ya wiki saba hivi kiunzi kilishonewa mgonjwa. Taarifa ya wagonjwa 7 wenye umri kati ya miaka 4 na 19 ilitolewa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na mwaka 2011 jarida hilohilo likaeleza habari za wavulana 5 wa Mexico waliowekewa mirija ya mkojo iliyooteshwa kwa njia kama hiyo, ambayo ilikuwa bado inafanya kazi baada ya miaka kadhaa. Kisha kasi ikapungua. Jaribio kubwa zaidi la vibofu vya maabara kwa watoto 10, lililoripotiwa mwaka 2014, halikuleta nafuu iliyotarajiwa na liliambatana na madhara makubwa, na sababu mojawapo inayotajwa na wataalamu ni ileile iliyomsumbua kila aliyewahi kuziba fistula: tishu isiyo na mishipa ya damu ya kutosha hufa, hata ikiwa imeoteshwa kwa ustadi gani.

Wagonjwa wale wa Boston walikuwa na mgongo wazi, kasoro ya uti wa mgongo inayozikosesha neva za kibofu mawasiliano. Watoto wa namna hiyo huzaliwa Bunda na Butiama pia, na hupelekwa Bugando kufungwa mgongo. Baada ya hapo kinachozilinda figo zao ni utaratibu ambao Jack Lapides aliupendekeza Marekani mwaka 1972, wa kupitisha mpira safi wa mkojo mara kadhaa kwa siku na kuutoa. Mpira huo huoshwa kwa sabuni na kutumika tena. Hakuna maabara wala kiunzi, na kwa ushahidi uliopo hadi sasa umeokoa figo nyingi mno kuliko vibofu vyote vilivyooteshwa.

Mjini Musoma, Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere huko Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulianza katika miaka ya 1970 na kukwama kwa miongo kadhaa, hatimaye imeanza kutoa huduma, na safari ya kwenda Mwanza imepungua kwa wagonjwa wa aina nyingi. Linabaki kundi dogo ambalo umbali si tena sababu yake: wanawake ambao fistula imekula shingo yote ya kibofu, na ambao mshono wa mara ya tatu au ya nne haukushika. Wengine miongoni mwao hufanyiwa upasuaji wa kuhamisha ureta kwenye utumbo mpana, ili mkojo utoke pamoja na haja kubwa na nguo zibaki kavu, kwa gharama ya maambukizi ya figo, vipimo vya damu vya mara kwa mara, na hatari ya saratani mahali ureta inapoungana na utumbo, ambayo huweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Ni wao, kuliko mgonjwa mwingine yeyote wa ukanda huu, ambao mwili wao umekwisha kuazima kila kilichowezekana kuazimwa.